Mzee wa Nidhamu wa Wanasalamu

Nianze na mashine ya kupukuchua mahindi, kwa sababu nikianza na ile habari yenyewe nitaimaliza haraka, na mimi sipendi kumaliza haraka.

Nilipokuwa kijana mwenye misuli nilifanya kazi katika shamba kubwa upande wa Moi's Bridge. Nilikuwa nimetoka Magharibi na shati moja na darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Mwalimu alihamishwa, na mimi nikajihamisha. Mashine ile ilikuwa inazungushwa na trekta. Ikiwashwa asubuhi unaisikia mpaka kwenye meno. Unatumbukiza mahindi juu, punje zinatokea huku, magunzi huku, na makapi yanakuingia shingoni yanawasha kama upupu. Na kelele! Mtu akimtukana mama yako unamjibu kwa tabasamu, ukidhani amekuuliza habari ya asubuhi. Tulikuwa tunaongea kwa mikono. Mwenzetu mmoja alimtongoza mpishi wa shamba msimu mzima kwa ishara tu, na siku mashine ilipoharibika akagundua hana la kumwambia. Walioana hata hivyo. Wana wajukuu.

Saa ya chakula mashine inazimwa, na kile kimya kinauma masikio. Hapo dereva wa trekta alikuwa anatoa redio yake chini ya kiti, ameifunga kwa leso ya mkewe, anaiweka juu ya tairi kubwa. Betri alikuwa amezianika juani juu ya boneti tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo. Basi sauti ya kwanza ya mwanadamu tuliyokuwa tunaisikia tangu alfajiri ni ya mtangazaji akisoma kadi za salamu. Fulani, akiwa mahali fulani, anamsalimia fulani na fulani na fulani, popote walipo, na ujumbe wake ni huu: ukipanda uvivu utavuna njaa. Ndiyo hiyo tu. Kijana wa leo atacheka. Lakini wewe toka kwenye mashine ile na masikio yanalia, halafu usikie kwamba kuna mtu huko mbali ameketi, amenunua kadi, amemkumbuka mtu mwingine. Githeri, ile mahindi na maharagwe yetu ya kila siku, inateremka vizuri.

Dereva ndiye aliyeniandikia kadi yangu ya kwanza, na ndiye aliyeniambia kwamba mwanasalamu lazima awe na jina la redio. Mmoja anajiita simba, mwingine mtoto wa mjane, mwingine daktari wa mapenzi na hata dawa ya kikohozi hana. Langu silitaji. Nililichagua nikiwa kijana na lilikuwa linamhusu msichana ambaye sikumwoa, na yule niliyemwoa analijua jina hilo mpaka leo na huwa analitamka akiwa amekasirika.

Miaka ikaenda. Nilihamia Yamumbi nikawa mchimbaji wa vyoo na visima, kazi ambayo haina ushindani mkubwa. Huko chini ya shimo nilikuwa na redio yangu ndogo, nimeifunga kwenye kamba, inateremka na mimi. Nikasalimia na nikasalimiwa nchi nzima na watu ambao sikuwahi kuwaona hata siku moja.

Kisha ikaja ile Krismasi ya uchaguzi.

Sitasema mengi. Watu wameshasema, na waliofanya hawajasema, na hiyo ndiyo hali. Nyumba yetu ilichomwa. Mimi siku hiyo nilikuwa nimekwama upande mwingine wa mji, barabara zimezibwa kwa mawe na magogo, na mke wangu alikuwa Yamumbi peke yake na mguu umevimba, hawezi kutembea. Akaja mtu na pikapu. Alikuwa dalali wa mahindi, mtu mkubwa mwenye kofia ya ngozi, na hakuwa wa kabila letu. Alikuwa wa lile ambalo siku hizo lilikuwa linawindana na letu. Akawapakia akina mama na watoto, akawafunika kwa magunia matupu, akawapitisha kwenye vizuizi akiwatukana vijana wa kwao kwa lugha ya kwao, mpaka uwanja wa maonyesho ambako tulikuwa tunawekwa. Alifanya hivyo zaidi ya mara moja. Namwandika hapa kwa haki yake, kwa sababu nikifika mbele kidogo msomaji atataka kumchukia, na ninaomba amchukie akiwa na habari zote.

Tukakaa pale uwanjani ndani ya hema. Kipindi cha salamu kilikuwa kimenyamaza, nani angemsalimia nani? Siku moja, jirani wa hema la pili ana redio, tunasikia mtangazaji amerudi. Sasa watu walikuwa wanatuma kwa simu. Akaanza kusoma yale majina ya redio. Mtoto wa mjane yuko hai! Daktari wa mapenzi yuko hai, yuko Nakuru kwa dadake! Tulikuwa tunapiga makofi kama watu wanaoangalia mpira, kila jina ni goli. Mke wangu ambaye maisha yake yote aliita salamu ugonjwa wangu, siku hiyo aliniambia, "Tuma na yako basi, wajue."

Hapo ndipo wazo la mkutano lilipozaliwa. Mambo yalipotulia tukasema, sisi tunaosalimiana hewani kila siku, kwa nini tusikutane uso kwa uso mara moja kwa mwaka? Tukapata ukumbi wa shule ya msingi upande wa Kiplombe, likizo ya Agosti. Watu wakaja kutoka kila pembe, makabila yale yale yaliyokuwa yamerushiana mishale. Na tukaweka kanuni moja ambayo tulijivunia sana: ndani ya mkutano ni jina la redio tu. Jina la nyumbani hulitaji wala huulizi, kwa sababu huku kwetu ukisikia jina la mtu la nyumbani umeshajua kabila lake, na ukijua kabila lake umeshajua alikuwa upande gani wa kizuizi.

Kamati ikachaguliwa. Mwenyekiti alikuwa karani mstaafu aliyetoka upande wa Ziwa, suti yake imepigwa pasi mpaka inakata, Kiswahili chake kimejaa "kwa hivyo basi". Mimi walikosa pa kuniweka. Uandishi siuwezi. Uhazini walisema mtu anayeongea kama mimi asipewe siri ya aina yoyote. Wakaniita mzee wa nidhamu. Kazi yangu ilikuwa kunyamazisha watu wakati wa maombi, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naongea wakati wa maombi, watu walicheka sana.

Yule mtu wa pikapu alikuwa mwanasalamu pia, tena nyota. Nadhani hakuna siku jina lake halikusomwa. Kila mkutano alikuja na kreti za soda na kondoo mzima, akishuka tu, watu wanapiga vigelegele. Nusu ya ukumbi alikuwa amewabeba kwenye lile gari au amewabebea ndugu zao. Alikuwa anasalimia kila mtu kwa kumkumbatia. Wanaume alikuwa anawapiga mgongoni. Wanawake alikuwa hawaachilii. Na sisi tulikuwa tunasema, aah, huyo ni mtu wa watu.

Mkutano wa tatu, ama ulikuwa wa nne, nilikuwa nimesimama karibu na masufuria ya chai nikingojea andazi la kwanza kutoka. Akaja mama mmoja anayeuza mitumba ya watoto sokoni, mjane, mtu wa maneno machache. Kwenye redio ujumbe wake ulikuwa mmoja kila siku: Mungu yupo. Akaniangalia.

"Mzee wa nidhamu," akasema, "hiyo kazi yako ni ya ukweli ama ni ya kuchekesha watu?"

"Mpaka leo ni ya kuchekesha."

"Basi leo ianze."

Akaniambia. Mtu wa pikapu amemfuata njia ya choo, nyuma ya madarasa, akamshika. "Na si mkono, Mzee. Nikwambie wapi ama umeelewa?" Nikasema nimeelewa. Mwaka uliopita alifanya vile vile. Simu anapiga usiku. Akimwambia wacha, anacheka, anasema wewe ni bibi yangu wa redio. "Mimi nataka kuacha hii kitu ya salamu," akasema. "Lakini nikiacha sina watu. Wale wangu wengine walienda na ile moto. Hawa ndio nimebaki nao."

Andazi likatoka, sikulichukua. Nikamwendea mwenyekiti. Mwenyekiti akavua miwani.

"Mzee, unajua huyo mama ni wa kabila gani?"

"Kanuni inasema hatuulizani."

"Hatuulizani lakini tunajua! Na huyu bwana tunajua! Kwa hivyo basi, mimi nikisimama hapa niseme mtu wa huku amemshika mama wa kule, hii mkutano itaisha aje? Unataka kutuletea vita tena?"

Na hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo nafikiri ni wanasalamu peke yao duniani wanaweza kulifanya. Kamati ilikaa, ikafikiria, ikaona kwamba sisi tatizo letu lolote hulimaliza kwa salamu. Mtu akifiwa tunatuma salamu. Watu wakikosana tunatuma salamu. Kwa hivyo mtu wa pikapu aamriwe amtumie yule mama salamu za pole redioni, na mambo yaishe. Yeye akakubali haraka sana. Hiyo haraka ingetushtua, lakini tulikuwa tunapongezana.

Wiki iliyofuata nilikuwa ndani ya shimo la choo cha jirani, redio inaning'inia. Mtangazaji akasoma kwa sauti yake tamu: pole nyingi zimwendee bibi yangu wa redio, mama wa mitumba ya watoto huko Kiplombe, mpenzi usinune, ya nyumbani tutayamalizia nyumbani. Na wimbo wa mapenzi ukafuata.

Niliacha jembe. Nilitoka kwenye shimo lile bila ngazi, mpaka leo sijui nilitokaje.

Sokoni alikuwa ameshachekwa. Mama wa vitunguu alikuwa anamwambia, "Bwana yako amekuomba msamaha Kenya nzima na bado umekunja uso?" Mchungaji wake alimwita akamuuliza huyo mpenzi ni nani. Shemeji zake wakapiga simu kutoka nyumbani. Nilipofika kibanda chake alikuwa anakunja visweta vidogo, anakunja kimoja, anakikunjua, anakikunja tena.

"Mzee," akasema bila kuinua macho, "mimi nilikuambia kwa sikio. Nyinyi mkaambia nchi."

 Nikakaa juu ya marobota yake. Mwisho nikauliza, sasa wewe mwenyewe unataka nini? Na ninaona ajabu kwamba hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Pole yake sitaki. Mimi nataka siku ya mkutano niende choo bila kuangalia nyuma. Ni hiyo tu. Ikiwa hamuwezi, mniambie, nitoke."

Nilienda nyumbani nikamwelezea mke wangu. Nikamwambia ugumu wangu, kwamba mtu huyu ndiye aliyembeba yeye, na mimi nitaanzaje kumnyooshea kidole? Mke wangu alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha kupepeta.

"Alinibeba, ndio. Nilimshukuru siku ile na nikamwombea kila Jumapili. Kwa hivyo nauli yangu ndiyo huyo mama anaendelea kulipa?"

Kuna maneno yakisemwa ndani ya nyumba hakuna pa kujificha, hata ukienda nje. Nilienda nje, yakanifuata.

Basi nikaanza kutembea. Mchimba vyoo anajua watu wengi, kila boma lina haja naye. Nilikuwa naenda kwa mama mmoja wa salamu, naketi, nanyamaza. Hiyo kunyamaza ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko mwamba. Lakini niligundua kwamba mtu anayejulikana kwa domo akinyamaza, mwenyeji anaogopa, anaanza kuongea yeye. Wa Yamumbi akaongea. Wa Langas akaongea. Wa huko Moi's Bridge, msichana wa posho mili, aliongea huku mashine inasaga unga, akinipigia kelele sikioni, na hata mteja aliyesimama na debe lake hakusikia kitu. Habari ni ile ile: nyuma ya madarasa, simu za usiku, bibi yangu wa redio. Na kila mmoja alikuwa ananiuliza mwishoni, "Kwani ni mimi peke yangu?" Kila mmoja alikuwa amenyamaza kwa sababu ile ile ya mwenyekiti. Wa kabila hili waliogopa kuleta vita, wa kabila lile pia.

Wa mwisho alikuwa mama mzee anayeuza maziwa kwa baiskeli ya mjukuu wake, wa kabila la yule bwana, tena wa ukoo wa karibu. Kwake nilikaa mlangoni. Hata sikuwa na hakika kama niingie. Akanitengea chai, akaniangalia nikinyamaza, akasema, "Wewe leo ni mgonjwa?" Nikamweleza. Akaiweka birika chini. Halafu akasema, "Binti yangu aliacha kuja mkutanoni. Alisema kichwa kinamuuma. Kila Agosti kichwa?"

Akina mama wenyewe wakaketi wakapanga, mimi na mwenyekiti tukaitwa kusikiliza. Mwenyekiti alikuja na suti akatoka na jasho. Walisema hivi. Mwenye malalamiko atawaona akina mama wawili, ndani ya darasa, mlango umefungwa, si mbele ya masufuria ya chai. Jina lake halitoki mpaka aseme mwenyewe litoke. Hakuna cha redioni, mtu akitaja redio atoke nje. Aliyelalamikiwa naye atasikilizwa. Na ikionekana ni kweli, hakuna kuja mkutanoni, awe nani awe nani, awe alileta soda ama alileta mvua. Njia ya choo ihamishwe ipite mbele ya jikoni, na hilo nikapewa mimi kwa sababu ya taaluma.

Mtu wa pikapu aliitwa mapema kusikilizwa. Aliitwa tena. Hakuja, alituma salamu.

Agosti ikafika. Nilimngojea kwenye lango la shule. Gari likaingia, kondoo analia nyuma, soda zinagongana. Nikamsimamisha, nikamwambia kwa upole, kwa sababu ya mguu wa mke wangu nilimwambia kwa upole sana. "Ndugu yangu, kulikuwa na malalamiko, wewe uliitwa hukuja. Kamati imeamua usiwe kwa mkutano."

Akanicheka, akanikumbatia mpaka kofia yangu ikaanguka. "Mzee wa nidhamu! Na wewe siku hizi una mambo!" Akanipita. Akaingia moja kwa moja ukumbini, watu wakapiga vigelegele kama kawaida, akachukua kipaza sauti mkononi mwa mwenyekiti kama mtu anayechukua kikombe chake.

"Ndugu zangu wanasalamu," akasema. Sauti yake ilikuwa nzuri, lazima niseme. "Nimeambiwa pale nje nirudi nyumbani. Mimi! Mimi niliyewapakia kwenye hii gari watu wakitaka kuwakata. Nani hapa anakumbuka? Sasa kuna wanawake wawili watatu wametumwa. Wametumwa na nani? Wacha niseme ukweli. Ni kwa sababu mimi ni wa hili kabila."

Akalitaja. Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kulitaja kabila ndani ya ukumbi ule.

Nilikuwa mlangoni, nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekiona mara moja tu maishani, siku zile za Desemba. Watu walianza kusogea. Hakuna aliyeinuka kwa haraka. Huyu anavuta kiti chake kidogo huku. Yule anabeba mtoto anaenda kuketi na akina fulani. Mwingine anaonyeshwa kwa jicho, njoo. Ukumbi uliokuwa mchele na maharagwe ukaanza kujichambua wenyewe. Mwenyekiti aliniangalia na macho yalikuwa yanasema, nilikuambia. Na yule mama wa mitumba alikuwa ameketi katikati, viti vya pande zote vimehama, amebaki peke yake kama kisiki kwenye shamba lililolimwa.

Nikamwona anachukua mkoba wake. Nikajua anatoka, na akitoka hatarudi.

Ndipo mama mzee wa maziwa akasimama. Alikuwa upande wa yule bwana, katikati ya watu wa kwao, na alisimama polepole kwa sababu ya magoti. Yule bwana akamwahi kwa lugha ya nyumbani, kwa heshima, neno refu.

"Sema Kiswahili," mama akamkata. "Wasikie wote."

"Mama, mimi nasema tu ukae, haya si ya—"

"Nitakaa nikimaliza. Mimi ni mama yako, au siyo? Mimi ni wa kwenu. Hakuna aliyenituma, labda magoti haya. Ulibeba watu na gari, na mimi nilikupikia siku ile, nilijivunia wewe. Lakini mkono ulioshika usukani ndio ulimshika binti yangu nyuma ya hayo madarasa, na yeye mwenyewe ameniambia niseme. Yeye ni wa kabila gani? Si ni lako? Sasa unatafuta vita na nani?"

Ukumbi ukanyamaza kama mashine imezimwa.

Halafu msichana wa posho mili akasimama, upande mwingine kabisa. Hakusema kitu, alisimama tu na mikono nyuma. Wa Langas akasimama. Wa Yamumbi. Wawili ambao mimi sikuwahi kufika kwao hata siku moja wakasimama, mmoja huku, mmoja kule. Mkono ule ulikuwa umetembea makabila yote, ulikuwa umetunza kanuni yetu kuliko sisi. Na kila mwanamke aliyesimama alitoka pale alipokuwa amehamia, akavuta kiti chake, chuma kinalia sakafuni, akakipeleka katikati, akaketi karibu na mama wa mitumba. Mke wangu akapeleka chake. Alikuwa amekuja mara ya kwanza, na wala hana jina la redio. Akapita mbele ya yule bwana na ule mguu wake, akamwambia, "Asante kwa siku ile. Sasa nenda nyumbani."

Kijana mmoja nyuma akasema, "Buda, umesikia." Watu wakacheka kidogo, na hicho kicheko ndicho kilichotuokoa. Baada yake viti vya wanaume vikaanza kurudi pia, kwa aibu, kwa kukohoa, mpaka ukumbi ukachanganyika upya na mimi sikuweza tena kusema nani ni wa wapi.

Yule bwana akaniangalia mimi. Nafikiri alitaka mwanaume amwambie neno. Nikamwambia lile nililokuwa nimepewa kusema, kwa sauti sasa, si ya langoni: "Kamati imeamua. Utatoka."

Na mwenyekiti, karani wa watu, akanyoosha suti yake, akaenda akachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwake, akasema, "Kwa hivyo basi, ni hivyo." Akakipeleka katikati, akampa mama wa mitumba. "Mama, wewe ndiye utafungua salamu za mwaka huu."

Mama wa mitumba akakishika kwa mikono miwili. Mkoba wake ulikuwa umeshuka sakafuni.  Akasema yeye, akiwa Kiplombe, anawasalimia mama wa maziwa, na msichana wa posho mili, na mke wa mzee wa nidhamu, popote walipo, na watu wakapiga kelele kwamba wako hapa hapa, na vigelegele vikapanda mpaka njiwa wakatoka kwenye paa.

Yule mtu alisimama kidogo ndani ya kelele hiyo ambayo haikuwa yake. Akavaa kofia yake ya ngozi. Nikasogea mlangoni kumpisha. Aliacha soda, akamwacha kondoo, hata gari aliliacha pale pale, alituma mtu kulichukua siku nyingine. Akavuka uwanja wa shule kwa miguu, katikati ya magoli, bila haraka, na kipaza sauti kinamfuata kwa majina ya watu. Akapita langoni akashika barabara, na hakurudi tena.